Herufi Nne Chini ya Kioo

Kuhusu kipimo chenyewe cha Pap, kile cha kuchunguza seli za mlango wa kizazi, nilichofanyiwa katika kliniki moja ya kibinafsi hapa Nairobi, sina lawama, kwa kuwa kilichukua dakika chache na muuguzi alikuwa na mkono mwepesi. Hasira yangu ni ya siku ya majibu.

Dada wa mapokezi aliifungua bahasha yangu, akaisoma karatasi yeye kwanza, kisha akasema kwa sauti iliyolifikia benchi lote: "Mama, yako si ya kawaida. Daktari yuko Alhamisi." Akaisukuma chini ya kioo na kumwita anayefuata. Nilichokiona ni herufi nne tu, LSIL, zilizopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Matatu ilipofika Kangemi, nilikuwa nimekwisha kuwagawia dada zangu watoto wangu.

Alhamisi nilirudi nikiwa na maneno makali niliyoyapanga usiku kucha, lakini daktari hakuwapo, nikapelekwa kwa yuleyule muuguzi. Aliigeuza bahasha, akachora mlango wa kizazi kwa biki, akanieleza kwamba herufi zile humaanisha seli zimebadilika kidogo, mara nyingi kwa sababu ya virusi vya HPV, ambavyo mwili wenyewe huviondoa kwa wanawake wengi ndani ya miaka miwili hivi. Hiyo si saratani. Kinachofuatiliwa kwa haraka zaidi ni HSIL, yaani mabadiliko makubwa, na hata hayo yana tiba kabla hayajawa saratani, ambayo kwa kawaida huchukua miaka mingi kujijenga. Akaniuliza kuhusu hali yangu ya HIV, nikakasirika upya, mpaka aliponifahamisha kwamba kinga ikidhoofika safari hiyo hufupika. Kisha akaniandikia kolposkopia: mlango wa kizazi hupakwa siki nyepesi na kutazamwa kwa lenzi, penye kasoro pakageuka peupe, na ikibidi kipande kidogo hukatwa kikapimwe.

Nilikuwa nimeapa kumwonya kila mwanamke dhidi ya kliniki hiyo. Sasa sijui niseme nini, maana maelezo yale ya dakika kumi sijawahi kuyapata penginepo, ingawa yalichelewa kwa siku tatu ambazo hakuna atakayenirudishia. Tarehe ya kurudi ninayo, na nitarudi.

Nikiwa natoka, nilimsikia yule dada akimtangazia mwanamke mwingine kwamba yake ni safi kabisa, na benchi lote likageuka kumtazama.