Diski ya mgongo: kwa nini niliahirisha kisu, na nilichopata kwa miezi mitano

Mimi ni fundi cherehani, Temeke, nina miaka 43. Kazi yangu kubwa ni sare za shule, na kwa fundi wa sare Januari ndiyo mavuno ya mwaka mzima. Januari hii, wiki ya pili, niliinama kushusha jora la kitambaa cha kaki kutoka kwenye bajaji, nikalipokea vibaya, nikasikia kiuno kimeshtuka. Nikajua nimeteguka. Nikaendelea na kazi.

Siku ya tatu maumivu yakahama. Mgongo ulipoa kidogo, ila mguu wa kulia ukawaka: kuanzia kwenye tako, nyuma ya paja, kwenye kigimbi, mpaka kisigino na kile kidole kidogo. Nikipiga chafya ni kama mtu amenigusisha waya wa umeme. Kukaa ndiyo ilikuwa adhabu kubwa, na mimi kazi yangu ni kukaa. Halafu kikaja kitu kilichonitisha kuliko maumivu yenyewe: cherehani yangu ni ya mota, na ninakanyaga pedali kwa mguu wa kulia. Ghafla mashine ikawa inakwenda kwa kusuasua. Nilimwita fundi mashine aje aiangalie. Akaikanyaga yeye, ikakimbia vizuri tu. Ubovu ulikuwa mguuni kwangu.

Wiki tatu za kwanza nilifanya yale ambayo karibu kila mtu mtaani anayafanya, nitayataja kwa kifupi. Nilichuliwa na bibi mmoja anayesifika kwa kurudisha pingili mahali pake. Nililia, na kesho yake mguu ulikuwa mbaya zaidi. Nilichomwa sindano za duka la dawa, zile nyekundu za vitamini B pamoja na diklofenaki. Diklofenaki ilinipa nafuu ya saa kadhaa, ila nilipounganisha siku kumi tumbo likaanza kuniunguza. Nililala sakafuni juu ya mkeka wiki nzima kwa sababu shangazi alisema godoro ndiyo adui, na nikaamka siku ya saba siwezi hata kuvaa soksi. Kuna mtu pia aliniuzia boksi la virutubisho kwa Sh 180,000. Hilo tuliache.

Mwanzoni mwa Februari nikaenda kupiga MRI, Sh 350,000 taslimu kwa kuwa sina bima. Kwa ambaye hajawahi: unalazwa chali ndani ya bomba, kelele zake kama mtu anagonga bati, na hutakiwi kutikisika karibu nusu saa. Kwangu kulala chali kimya ndiyo ilikuwa ngumu kuliko kelele. Wanakuuliza kama una chuma chochote mwilini. Nikasema sina. Dada wa pale akanipapasa kola akatoa pini nne. Ufundi huo.

Majibu yaliandikwa kwa lugha ya kutisha. Diski, yaani kile kimto kilicho kati ya pingili na pingili, ya L5/S1, ile ya mwisho kabisa kati ya kiuno na nyonga, imetoka na kukandamiza mshipa wa fahamu upande wa kulia. Diski nyingine mbili za juu yake zilielezwa kuwa zimechoka. Wifi yangu akayasoma kwenye simu, akaanza kulia kabla yangu.

Daktari wa kwanza nilimwona hospitali binafsi ambayo sitaitaja. Aliitazama picha kwenye kompyuta, akasema ni ya kupasua, akaniandikia makadirio ya Sh 7,500,000, nusu itangulie. Nilikaa mbele yake kama dakika sita. Huenda alikuwa sahihi, sibishani naye. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba hakuugusa mguu wangu. Nilikuwa nimevaa viatu muda wote.

Nyumbani kikaitishwa kikao. Mume wangu alikuwa tayari tutoe zile fedha za kiwanja, upasuliwe yaishe. Mama mkwe akasema mgongo haupasuliwi, anayepasuliwa anaishia kwenye kiti cha magurudumu, na akamtaja mtu wa kijijini kwao. Shangazi akaleta habari za India. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta kwa sababu siwezi kukaa, nawasikiliza wanavyougawa mgongo wangu.

Daktari wa pili nilimpata hospitali ya serikali. Nilifika saa 12 asubuhi, nikaingia kwake saa 7 mchana, na kwenye foleni ile ya viti vya chuma nilimlaani kila mtu. Lakini huyu ndiye ninayewaandikia habari zake. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, vua viatu." Akaniinua mguu ukiwa umenyooka nikiwa nimelala, wa kushoto ukapanda vizuri, wa kulia haukufika hata nusu nikapiga kelele. Akanigonga kinyundo nyuma ya kifundo: kushoto unyayo ukaruka, kulia kimya. Akanipitishia kipande cha pamba kwenye kisigino na vidole. Mwisho akaniambia nisimame kwa mguu mmoja, ninyanyuke kwa vidole na kushuka, nihesabu. Kushoto nilifika ishirini. Kulia nilifika tatu, nikaangukia meza yake.

Akauliza kazi yangu, nikamwambia. Basi akanieleza kwa lugha yangu. Diski, alisema, ni kama kimto cha kuchomekea pini: kitambaa kigumu nje, ulaini ndani. Mshono umeachia, pamba imechungulia nje na kumgusa jirani, ambaye ni mshipa unaoshuka mguuni. Hakuna mchuaji anayeweza kuirudisha ile pamba ndani. Ila mwili wenyewe huitambua kama uchafu na kuila taratibu, na cha kushangaza, kipande kikubwa kilichotoka kabisa mara nyingi ndicho kinachonywea zaidi kuliko kile kilichovimba kidogo. Zile diski nyingine mbili zilizochoka aliniambia nizisahau. Baadaye nilisoma mwenyewe uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote: wenye umri wa miaka 40, nusu yao walikuwa na diski zilizovimba, na wanatembea zao.

Nikamwuliza kuhusu kiti cha magurudumu cha mama mkwe. Akachora. Uti wa mgongo wenyewe, ile kamba kuu, huishia juu, usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni mishipa tu inayoning'inia kama mkia wa farasi, na diski yangu iko huko chini. Kupooza miguu yote kwa upasuaji wa pale ni jambo la nadra sana. Hatari zenyewe alizitaja bila kuzificha: maambukizi, kutoboka kwa ile ngozi inayofunika mishipa na maji kuvuja, na diski ileile kutoka tena hata baada ya kupasuliwa. Akaongeza kitu ambacho yule wa kwanza hakukigusa: upasuaji huu unasaidia sana maumivu ya mguu, kwa mgongo wenyewe usitegemee makubwa.

Halafu akanipa mipaka miwili. Mkojo ukigoma kutoka, au ukianza kupotea bila kujua, au ganzi ikishika sehemu zile zinazogusa tandiko la baiskeli, nisisubiri asubuhi. Niende hospitali usiku huohuo, maana hapo mishipa ya kibofu inakufa na saa zinahesabika. Na ile hesabu ya kunyanyuka kwa vidole ikishuka, nirudi wiki hiyohiyo. Nje ya hayo, nina wiki sita za kujaribu bila kisu, kisha tunakutana tena.

Nikamwuliza swali ambalo nadhani kila mgonjwa analiuliza: "Daktari, ingekuwa wewe?"

"Mimi sikanyagi pedali, mama," akasema. Kisha akafikiri. "Mguu ukiwa umesimama pale ulipo, ningesubiri. Ukiwa unashuka, ningekuwa nimelala mezani Jumatatu."

Nikaondoka na karatasi ya fizio, yaani tiba ya mazoezi, na dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu iitwayo pregabalini, ya kunywa usiku. Dawa ile iliniletea usingizi mzito, asubuhi kichwa kina ukungu. Siku moja nikashona ncha ya kidole changu. Tukaipunguza dozi.

Sasa fizio. Sh 25,000 kwa kila awamu, awamu 12 kwa jumla. Nilitegemea mashine na taa za joto. Mashine ilikuwepo, nikawekewa mara mbili, sikuona tofauti. Kilichofanya kazi kilikuwa cha aibu kwa urahisi wake: kulala kifudifudi mkekani, kuinua kifua kwa mikono huku nyonga zimebaki chini, mara kumi, kila baada ya saa mbili. Ni mtindo uliotokana na mtaalamu mmoja wa New Zealand, Robin McKenzie. Kijana wa fizio alinifundisha kusoma maumivu, na somo hilo peke yake lilistahili fedha yote. Maumivu yakipanda juu, yaani yakitoka kisiginoni yakabaki kwenye kigimbi, kisha paja, kisha tako, hiyo ni habari njema hata kama kiuno kinauma zaidi. Yakishuka kuelekea vidoleni, acha unachofanya. Kabla ya hapo nilikuwa nalia kiuno kikiuma na kufurahi kikipoa, kumbe nasoma ramani kichwa chini.

Si kila mgonjwa mgongo wake unapenda zoezi hilo. Wengine linawazidishia, wanapewa mengine. Ndiyo maana sitaki mtu aniige kupitia maandishi haya bila kupimwa.

Zaidi ya hilo ni kutembea. Dakika kumi, kisha kumi na tano, asubuhi na jioni, hadi nikawa natembea kwenda dukani na kurudi. Kukaa, dakika ishirini tu, nasimama. Mkanda wa mgongo nilinunua Sh 35,000. Kwa joto la Dar unaloa jasho, nauvaa kwenye daladala tu.

Hesabu ya vidole niliiandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wangu mwenyewe, kila Jumapili. Wiki ya kwanza 3. Wiki ya tatu 5. Wiki ya nne 4, na Jumapili hiyo sikulala. Nilitoa ile karatasi ya milioni saba na nusu nikaiweka mezani. Jumatatu nikarudi kwa daktari, akapima, akasema nilikuwa nimechoka tu kwa sababu nilitoka kutembea, nipime asubuhi kabla ya lolote. Asubuhi yake 6. Wiki ya sita 9. Hapo tukakubaliana kuendelea. Wiki ya kumi 14. Sasa, mwezi wa tano tangu niumie, ni 17.

Pale fizio kulikuwa na dereva wa daladala, diski yake ya juu kidogo ya yangu, unyayo wake ulikuwa unaanza kulegea na kuburuta vidole. Yeye hakungojwa wiki sita, alipasuliwa. Siku tatu akawa nyumbani. Wiki ya tatu alikuja kutusalimia anatembea wima, anasema ule moto wa mguuni aliuacha chumba cha upasuaji. Nilimwonea wivu, nisidanganye, maana mimi siku hiyo nilikuwa bado nakula nimesimama.

Na hili ndilo ambalo wanaosifia kungoja hawalisemi. Kuna utafiti mkubwa wa Uholanzi wa mwaka 2007, wagonjwa 283 wenye maumivu ya mguu kama yangu, ukiwaacha nje wale ambao mguu umekufa nguvu. Nusu walipasuliwa mapema, nusu wakangoja. Baada ya mwaka mmoja, karibu asilimia 95 ya kila upande walisema wamepona. Lakini waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi, na katika waliongoja, karibu wanne kati ya kila kumi waliishia kupasuliwa hata hivyo. Kungoja kunalipiwa. Mimi nililipa kwa msimu: sare za shule mbili niligawia mafundi wenzangu, na mteja mmoja mkubwa hajarudi. Ukijumlisha MRI, fizio na dawa sikufika milioni moja, ila nikiweka na kazi niliyopoteza hesabu inakuwa nyingine kabisa. Mtu ambaye hana wa kumshikia kazi anaweza kuchagua kisu kwa sababu hiyo tu, na sitamshangaa.

Mama mkwe anaamini sala zake ndizo zilizofanya kazi, na mume wangu amenunua kile kiwanja.

Kisigino bado kina ganzi, kama nimekanyaga soksi iliyokunjamana. Ule mshtuko wa kinyundo haujarudi, na daktari amesema huenda usirudi. Jora siinui tena. Bajaji ikija, namwita kijana wa duka la pili. Miezi minne nilikanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, mishono ikapinda, wateja wakavumilia. Mwezi uliopita nimeirudisha kulia. Agosti nina miadi, na nitakwenda na daftari.