Bunduki ya gundi ya wati 20: uzoefu wangu kwenye mapambo ya sherehe na ya nyumbani

Ninayoizungumzia hapa ni ile bunduki ndogo ya gundi ya moto, ya wati 20, inayotumia vijiti vyenye unene wa milimita 7. Kariakoo utaikuta kwenye maduka ya mapambo na ya vifaa vya shule, mara nyingi ikiwa kwenye pakiti pamoja na vijiti vichache. Bei yake haipishani sana na ya kilo nne au tano za mchele. Kwa mtu anayejipambia mwenyewe send-off, kipaimara, besidei ya mtoto au sebule yake, mimi naiweka ya kwanza kununuliwa baada ya mkasi mzuri. Inafaa sana kwa karatasi, boksi, kitambaa na kamba. Haifai kwa kioo kitupu, wala plastiki laini kama ya mifuko, wala kitu kitakachoshinda juani.

Ili uitumie vizuri, elewa kwanza namna gundi yake inavyoshika. Gundi nyeupe ya mbao hukauka kwa kupoteza maji, ndiyo maana unaibana kazi nusu saa au zaidi ndipo uachie. Ya moto haikauki, inapoa tu. Ukibana kwa sekunde 30 hivi imeshakuwa ngumu, nawe unaendelea na kipande kinachofuata. Ukiwa na maua 12 ya kutengeneza kwa jioni moja, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Ila kitu kinachoshika kwa kupoa, kikipata moto tena kinalainika. Matatizo mengi utakayokutana nayo yanaanzia hapo.

Wati 20 ni moto mdogo. Chomeka, subiri dakika tano kamili, ndipo ubonyeze triga. Gundi ikitoka nzito kama ubani uliotafunwa, bado haijaiva. Ikishaiva, chora mstari usiozidi sentimita 15, ubandike papo hapo, kisha uendelee na mwingine. Anayechora mstari wa nusu mita anakuta mwanzo wake umeshapoa kabla hajafika mwisho. Pambo litaonekana limeshika, na kesho yake linabanduka lenyewe likiwa na utepe mgumu wa gundi upande mmoja. Zima feni unapofanya kazi. Joto la Dar es Salaam au Mombasa linakuongezea sekunde chache, lakini Iringa, Mbeya au Nairobi mwezi wa Julai fupisha mstari ufike sentimita 8 au 10.

Kazi ambayo bunduki hii inaifanya vizuri kuliko zote ni maua makubwa ya karatasi ya kupamba ukuta nyuma ya maharusi au meza ya keki. Tumia karatasi ngumu ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba. Ya kuchapia ya gramu 80 hujikunja yenyewe baada ya muda, hasa pwani penye unyevu. Ua moja linataka petali 18: nane za nje zenye urefu wa karatasi nzima ya A4, sita za katikati zilizopunguzwa kwa robo, na nne za ndani za nusu. Chana kila petali katikati ya kitako kwa sentimita 5, pandisha upande mmoja juu ya mwingine kwa sentimita 2, weka mstari wa gundi wa sentimita 3, bana. Hapo ndipo petali inapata kina. Bila mchano huo ua linabaki bapa kama sahani. Zungusha ncha kwenye kalamu kabla ya kubandika, kwa sababu ikishabandikwa huwezi kuizungusha bila kuing'oa. Kitako cha ua zima ni duara la boksi lenye upana wa sentimita 10. Bandika nne za kwanza zikitazamana kama msalaba, kisha nne zijaze nafasi, halafu ingia ndani. Ua zima linakula takriban kijiti kimoja cha sentimita 10. Hesabu hiyo ndiyo utakayoitumia unaponunua vijiti: maua 12, vijiti 12, na viwili vya akiba.

Chupa za kuvishwa kamba ya katani kwa ajili ya kuweka maua mezani zinahitaji mbinu. Kioo ni laini na baridi. Gundi inapoa kabla haijaloana nacho vizuri, na chupa ikija kujazwa maji ya baridi inabanduka kama ganda. Osha chupa kwa sabuni, ikaushe, ipanguse kwa spiriti, na uiache spiriti iishe kabisa kabla ya kuanza, maana spiriti ndiyo inayoachanisha gundi hii. Iweke chupa juani kidogo ipate uvuguvugu. Gundi ya moto tumia kwenye mizunguko miwili ya mwanzo na miwili ya mwisho tu. Katikati paka gundi nyeupe ya mbao kwa brashi na uzungushe kamba ukiibana mstari kwa mstari. Kwa chupa yenye upana wa sentimita 6 na kimo cha 20, kamba ya milimita 3 hufika karibu mita 13, kwa hiyo usikate ukiwa na mita 8 mkononi ukidhani itatosha. Ukiunga kamba nyingine katikati, kiungo huonekana.

Fremu za boksi zinazovishwa kitenge ni rahisi na mabaki yake hupatikana kwa mafundi cherehani kwa bei ndogo. Pasi kitambaa kwanza, acha sentimita 2 za kukunjia nyuma, na gundi iwekwe nyuma pekee. Ukiiweka mbele, inapenya kwenye pamba nyepesi na kuacha doa la kung'aa lisilofulika. Satini ina shida ya aina nyingine: riboni nyembamba husinyaa inapoguswa na mdomo wa bunduki. Weka gundi kwenye boksi, hesabu hadi tatu, ndipo ulaze riboni juu yake. Stairofomu, lile povu jeupe linalofungashiwa televisheni, nayo ina hatari hiyohiyo. Gundi iliyotoka tu kwenye mdomo inaitoboa. Ipake kwanza kwenye karatasi unayobandika, iache ipungue moto, au tafuta bunduki ya joto la chini, inayofanya kazi kwenye nyuzi joto 120 hivi badala ya 190. Baluni sizibandiki kwa bunduki hii kabisa. Mkanda wa pande mbili unatosha na haupasui kitu.

Kuhusu jua nasema kwa mkazo kwa sababu ndiko mapambo mengi yanakoharibikia. Gundi hii huanza kulainika kuanzia nyuzi 60 hivi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani mchana joto linaweza kufika huko, hasa juu ya dashibodi. Safirisha maua asubuhi, kwenye boksi lililofunikwa, na usiyalundike. Kama sherehe iko uwanjani, mchana, gundi iwe ya kushikilia tu na mzigo ubebwe na kitu kingine: waya mwembamba uliopitishwa kwenye kitako cha ua, pini za stepla, au uzi wa kushonea magunia. Ua lililofungwa kwa waya gundi ikilegea linabaki mahali pake.

Vijiti vina uzito kuliko bunduki yenyewe katika kuamua kazi itatokaje. Chukua kimoja ukikunje. Kizuri kinapinda bila kuvunjika na kinarudi taratibu. Kinachokatika kama chaki kitakupa gundi isiyonyumbulika, na boksi likipinda kidogo tu inapasuka. Vinavyotoa moshi au harufu kali achana navyo. Nyuzi nyembamba kama za buibui zinazoburutwa kila unapoinua mkono hutokea hata kwa vijiti vizuri: zungusha mdomo mara moja kwenye tone ulilomaliza kabla ya kuinua, na zilizobaki zitaondoka kwa hewa ya kikausha nywele. Wengine hushauri uruke moja kwa moja kwenye bunduki kubwa ya vijiti vya milimita 11. Kwa urefu uleule kijiti hicho kina gundi karibu mara mbili na nusu, na kwa mbao au mapambo ya ukumbi mzima ninakubaliana nao. Kwa petali za karatasi inamwaga gundi nyingi mno, na alama zinaonekana kwa mbele.

Bunduki hizi hufa kwa sababu zinazojulikana. Umeme ukikatika katikati ya kazi, watu huendelea kubonyeza triga wakati gundi imeshaganda ndani, na kijiti cha plastiki kinachosukuma kinavunjika. Umeme ukirudi, subiri dakika tano upya. Pia usivute kijiti kutoka nyuma ili ubadilishe rangi: kilichoyeyuka kinaburuzwa kwenye njia na kuigandisha. Sukuma cha rangi mpya nyuma yake, gundi ya mwanzo itoke kwenye karatasi chakavu. Usiilaze ubavu ikiwa ya moto, gundi inarudi nyuma. Isimamishe kwa miguu yake ya waya juu ya kigae au sahani ya udongo, kwa sababu hudondosha hata usipobonyeza.

Nyingi huja na plagi ya miguu miwili ya mviringo. Nunua adapta. Ile tabia ya kuchomeka kalamu au mkasi kwenye tundu la juu la soketi ili miguu miwili iingie ni ya hatari, na plagi inalegea na kupata moto. Weka pia bakuli la maji karibu. Gundi ikikuangukia kidoleni, zamisha mara moja, kisha endelea kwenye maji yanayotiririka kwa dakika 20. Usiibandue ikiwa ya moto, maana huondoka na ngozi. Watoto wakate na kupanga, kubandika kubaki kwa mkubwa.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aichomeke hapohapo dukani. Ndani ya dakika tano gundi itoke laini kwenye mdomo, triga irudi yenyewe bila kukwama, na mpini usiwe wa moto mkononi. Kisha angalia kama ana vijiti vya unene huohuo vya kununua vimoja vimoja, kwa sababu vya milimita 11 havitaingia na vile vya kwenye pakiti vitaisha kabla ya ua la nne au la tano.