Kufremisha picha za kale Kisumu: mbao ni nzuri, kadibodi beba yako

Karakana hii iliyo karibu na soko la Kibuye ina fundi anayejua mbao. Pembe hukutana bila mwanya, msasa hufika hata upande usioonekana, vanishi haina matone. Cheti au picha ya harusi, mpe tu. Lakini mwenye picha ya kale iliyochapwa Ulaya kwa bamba la shaba, tuseme puto la ndugu Montgolfier likipaa Versailles mwaka 1783 na kondoo, bata na jogoo, asiiache pale kabla ya kuelewana na fundi.

Kwanza, mkasi. Desturi ya hapa ni kupunguza karatasi ili ienee kwenye fremu iliyokwisha katwa. Picha ya bamba la shaba huzungukwa na mstatili uliodidimia, kwani karatasi hulowanishwa kisha ikakandamizwa kwa nguvu juu ya bamba. Wanunuzi huitafuta alama hiyo mapema sana. Ikikatwa, thamani imeporomoka. Fremu ndiyo ifuate karatasi. Kurasa za Illustrated London News, gazeti lililoanza 1842, zilichapwa kwa vibao vya mti na hazina alama hiyo, ila tarehe ya ukingoni nayo isiguswe.

Kasoro kubwa iko nyuma ya picha. Fundi huegemeza picha kwenye hadibodi, ubao mwembamba wa nyuzi za mbao, na kuishika kwa selotepu. Hadibodi hutoa asidi inayogeuza karatasi kuwa kahawia, na gundi ya selotepu huzama ndani, doa lake likawa gumu kuondoa. Nunua kadibodi ya pamba isiyo na asidi, vipande viwili kwa kila picha: kimoja cha nyuma, kingine cha mbele, kikatwe dirisha, yaani uwazi wa kuonyesha picha. Hicho cha mbele ndicho kinachozuia kioo kisiguse karatasi. Kwa unyevunyevu wa Kisumu, karatasi inayogusa kioo hunata na kuota ukungu. Acha milimita 5 hivi kati ya alama ya bamba na ukingo wa dirisha, na mwombe fundi atumie wembe mpya, maana mikato yake hupitiliza kwenye pembe za dirisha.

Picha ishikwe kwenye kadibodi ya nyuma kwa ukingo wake wa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani. Ukiibandika pande zote, unyevu unapoitanua hukunjamana. Gundi ni wanga wa ngano: kipimo kimoja kwa vinne au vitano vya maji, ukoroge motoni hadi uwe mzito na wa kung'aa, upoe, uchuje. Unga wa chapati haufai, huleta wadudu.

Fundi hupokea vifaa vya mteja bila ubishi, na hilo ndilo linaloifanya karakana hii istahili safari. Mwambie pia agundishe vipande vya mpira kwenye pembe za chini nyuma ya fremu, hewa ipite kati yake na ukuta.