TAHADHARI: Muuza "dawa ya joto" ya kuku anayepita saa nane mchana

Wafugaji wenzangu, hasa ninyi wenye kuku wachache nyuma ya nyumba, naomba msome hili mpaka mwisho na mmfikishie kila mnayemjua anayefuga. Msimu huu wa joto kuna mtu anapita nyumba kwa nyumba na pikipiki akiuza vipakiti vya unga wa njano anaouita "dawa ya joto". Anasema unapoza mwili wa kuku, unakinga mdondo (kideri), unaongeza mayai, na ukibaki unaweza kumpa mbuzi, ng'ombe, hata punda. Usinunue. Kama umeshanunua, usiuweke kwenye maji ya kunywa.

Angalieni kwanza saa anayofika. Haji asubuhi wala jioni. Anakuja saa saba, saa nane mchana, jua likiwa kali, halafu anaomba aoneshwe banda. Anawakuta kuku wanatweta midomo wazi, mabawa wameyatenga na ubavu, wengine wamejilaza kwenye vumbi macho yamefumba nusu. Hapo anatikisa kichwa: "Mama, hawa wameshaanza. Mkingoja mpaka kesho hamtakuwa na kuku."

Mtu anayependa mifugo yake akiambiwa hivyo anaingiwa na hofu na pesa inatoka. Lakini karibu kila kuku mzima utamkuta hivyo saa hiyo. Kuku hana tezi za jasho. Joto lake la kawaida la mwili ni kama nyuzi 41, yaani tayari liko juu kuliko letu, na hewa ikishapita nyuzi 30 anaanza kutafuta namna ya kulitoa. Anatweta ili unyevu utoke kupitia njia ya hewa, anainua mabawa upepo upite kwenye ngozi isiyo na manyoya mengi, anapeleka damu kwenye upanga wa kichwani na ndevu zake ipoe. Anachokionesha huyu bwana kuwa ni ugonjwa ni mwili wa kuku unaojipigania.

Hii ndiyo sababu ana mashahidi wengi. Ukimpa kuku kitu chochote saa nane, ikifika saa kumi na mbili jua limeshuka, kuku wameacha kutweta, wanakula na kuparua kama kawaida. Mwenye kuku anasema kwa moyo safi kabisa kwamba dawa imefanya kazi, anampigia ndugu yake, ndugu anampigia jirani. Siwalaumu wanaomsifia. Wameona kweli kuku wakipata nafuu, ila nafuu imeletwa na jioni.

Kwa wifi yangu nilijionea mwenyewe mwisho wake mwingine. Yule muuzaji alimwachia vipakiti na maagizo matatu: atoe maji mengine yote bandani ili kuku wanywe dawa peke yake mpaka iishe, awape mahindi ya kutosha "wapate nguvu ya kupambana", na azibe madirisha ya banda kwa magunia ili upepo usilete mdondo. Kila agizo kati ya hayo linaweza kuua kuku siku ya joto, hata bila dawa yoyote.

Nilipoitwa nilikuta magunia yamening'inizwa pande zote, bati linawaka, na ndani harufu ya kinyesi cha kuku inachoma macho. Chombo cha maji kilikuwa kimejaa vilevile, maji ya njano. Nilimwona mtetea mmoja akichovya mdomo, akatikisa kichwa kwa nguvu mpaka matone yakaruka ukutani, akaondoka bila kumeza. Niliyaonja kwa ncha ya ulimi nikatema: chumvi tupu, na uchungu nyuma yake. Yaani kuku walikuwa na kiu, wana maji mbele yao, na hawawezi kuyanywa. Waliokuwa wameshakufa ni wale wazito, wale watagaji wazuri, kwa sababu kuku mnene hutoa joto kwa shida zaidi. Magole yao, ile mifuko ya chakula shingoni, yalikuwa yamejaa mahindi. Chakula kikianza kusagwa na mwili kinazalisha joto la ndani, na hili huja kuongezea lile la nje.

Tulitoa magunia, tukamwaga yale maji, tukaleta maji baridi ya mtungini, tukawalowesha miguu na vichwa. Waliokuwa bado wanaweza kusimama walikunywa, na baada ya muda mabawa yakarudi ubavuni. Hawakupewa dawa yoyote.

Kipakiti nilikiloweka kwenye kikombe. Karatasi ya juu, ile yenye picha ya jogoo na maandishi makubwa, ilibanduka. Chini yake kulikuwa na kipakiti cha oksitetrasaiklini kilichopita muda wake. Hii ni antibayotiki. Inatibu baadhi ya magonjwa ya bakteria. Haipozi mwili hata kidogo, na mdondo unasababishwa na virusi kwa hiyo haiutibu. Tena dawa za jamii hiyo hunasana na kalsiamu, wakati kuku anayetweta kutwa nzima tayari damu yake imepungukiwa na kalsiamu inayotumika, ndiyo maana mayai ya msimu wa joto huwa na maganda membamba. Na mabaki yake hukaa kwenye mayai. Aliyeuziwa akidhani ni vitamini anaendelea kuwapikia watoto mayai hayo, maana hakuna aliyemwambia kwamba kuna siku za kusubiri kabla ya kula mayai ya kuku aliyepewa dawa.

Na ile chumvi niliyoionja si ya kuchezea. Ndege hawavumilii chumvi nyingi kwenye maji, na vifaranga ndio dhaifu kabisa: wanaharisha maji, wanavimba, wanalegea miguu, wanakufa, na mwenyewe anadhani ni ugonjwa umeingia.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniuma kuliko zote. Asubuhi yake alikuja mtu mwingine, naye na pikipiki, amefunga tenga nyuma, anauliza kama kuna kuku wagonjwa wa kuuza. Alijua kuna vifo kabla hajaambiwa. Akasema mdondo umeingia eneo zima, waliobaki nao watakufa, bora apewe kwa bei ya kutupa. Wifi yangu alikuwa ameshaanza kuwakamata. Nimezungumza na wengine walionunua zile dawa na habari ni ileile: wa kwanza anauza hofu, wa pili anakuja kununua kuku wazima kwa jina la wagonjwa. Na siku atakayopita kwenye mdondo wa kweli, tenga lile lile linatoka banda moja hadi jingine na kinyesi chake, likiusambaza. Msimruhusu aingize tenga uani kwenu, hata kama hamuuzi kitu.

Ili usitishike, ujue namna ya kutofautisha. Kuku wa joto anatweta mchana, na kukishapoa anarudi katika hali yake. Kinyesi chake kinaweza kuwa cha majimaji kwa sababu anakunywa sana, hilo pekee lisikushtue. Kwa hiyo waangalie alfajiri, kabla jua halijatoka. Kuku aliyejikunyata alfajiri, hataki kula, anaharisha kijani, anakoroma, shingo imepinda au bawa na mguu umepooza, huyo ni mgonjwa, na hapo hakuna kumngoja muuzaji wa pikipiki. Mwite ofisa mifugo. Mdondo hauna tiba. Una chanjo, na chanjo hupewa kuku wazima kabla haujafika.

Nataja chanjo kwa sababu huyu bwana anauza na hiyo pia, tayari imechanganywa kwenye chupa ya soda, iko mfukoni mwa koti. Jamani! Chanjo hai ya mdondo, mfano La Sota, hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 na husafirishwa kwenye kibebeo chenye barafu. Ikishachanganywa na maji ya kunywa inatakiwa iishe ndani ya saa kama mbili. Maji ya bomba yenye klorini yanaiua. Zipo zinazovumilia joto kwa muda, kama I-2, lakini hata hizo hazikai juani na ikishachanganywa haitembezwi kutwa. Chanjo hai ikishaharibika haidhuru siku hiyo. Inakudhuru baadaye, umetulia ukijua kuku wamechanjwa. Anayekuja kuchanja aifungue na kuichanganya mbele yako, asubuhi kukiwa na ubaridi, na uione tarehe yake kwenye kichupa.

Na hili la dawa moja kwa wanyama wote lingetosha kumfukuza mtu getini. Wanyama hawafanani. Monensini, ambayo huwekwa kwenye chakula cha kuku kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo), kiasi kidogo tu kinaua farasi na punda kwa kuharibu moyo. Mtu anayekwambia unga wa kuku uliobaki umpe punda hajui anachouza, au anajua na hajali.

Hakuna dawa inayopoza kuku. Kinachompoza ni kivuli, upepo, maji na nafasi, na karibu vyote unaweza kuvipata bila kumlipa mtu. Bati ndilo adui mkubwa: litandikie nyasi au makuti juu, au lipake chokaa nyeupe lirudishe mwanga. Fungua pande za banda, weka wavu badala ya ukuta. Kama unajenga upya, pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lipige ncha fupi tu. Maranda yakiwa mengi na yameloa yanachacha na kutoa joto, yapunguze. Wapunguze na kuku wenyewe, kwa sababu kuku waliobanana wanapikana wao kwa wao.

Maji, maji, maji. Siku ya kawaida kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na kwenye joto huzidi hapo sana. Ila hanywi maji yaliyochemka juani. Weka vyombo zaidi, vyote kivulini, badilisha maji saa sita na saa nane hata kama hayajaisha. Chakula wape alfajiri na jioni, mchana kati kiondoe. Usiwakimbize wala kuwakamata saa za jua. Kuchanja, kuhamisha na kupanga fanyeni asubuhi au usiku. Ukimkuta kuku ameanguka, mtoe haraka kivulini penye upepo, lowesha miguu na kichwa, au mtumbukize mwili kwenye ndoo ya maji ya ubaridi wa kawaida kichwa kikiwa nje, kisha mwache atulie. Sehemu zenye unyevu mwingi usinyunyizie maji banda lisilo na upepo, utaongeza fukuto na kutweta kutakosa kazi.

Wenye ng'ombe na mbuzi, mambo ni hayo hayo: kivuli, majani ya kutosha jioni badala ya mchana, na maji bila kipimo. Ng'ombe wa maziwa siku ya joto anaweza kunywa lita 100 na kuzidi, ndoo mbili hazimtoshi. Nguruwe hatoi jasho la kumsaidia, mpe sehemu ya kulowana.

Nisieleweke vibaya, madini na vitamini halali za kuchanganya kwenye maji zipo. Kuku anayetweta hupoteza potasiamu na tindikali ya damu huvurugika, na mchanganyiko sahihi wa potasiamu, sodiamu, baikabonati na vitamini C humsaidia kustahimili. Hupewa kuanzia asubuhi kabla ya joto, kwa kipimo kilichoandikwa, na haichukui nafasi ya kivuli. Nunua dukani penye mtu unayeweza kumrudia kesho. Kipakiti cha kweli kinaeleza kilichomo ndani na kwa kiasi gani, kwa mnyama yupi, gramu ngapi kwa lita, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na siku za kusubiri kabla ya kula nyama au mayai kama ni dawa. Pitisha ukucha pembeni mwa lebo. Ikiwa chini yake kuna lebo nyingine, mrudishie palepale.

Waliokwisha kununua: mwageni maji hayo mbali na mifugo, mkioshe chombo vizuri, muwape kuku maji safi leo hii. Mayai msile wala msiuze mpaka muongee na daktari wa mifugo, mwambieni wazi kwamba kuku wamekunywa kitu msichokijua. Waliokufa msichinje wala msile, wala msiwape mbwa. Fukieni shimo refu au chomeni. Vipakiti msivitupe. Vipigeni picha pande zote, andikeni tarehe mliyouziwa, vipelekeni kwa ofisa mifugo wa eneo lenu, na kama mliona namba ya pikipiki mpeni yeye na polisi, msiibandike hadharani, maana pikipiki huazimwa na anaweza kuumizwa asiyehusika. Nami vya wifi yangu nimeshavipeleka. Wakipata vya watu wengi kutoka mitaa tofauti watakuwa na kitu cha kumkamatia.