Mafunzo ya kujiamini kwa wauguzi wa afya ya jamii: laki na themanini yangu ilienda wapi

Jina la waandaaji sitalitaja, maana nina ya kuwasifia na nina ya kuwasema na sisi wauguzi tunajuana. Mie niko zahanati ya kijijini, kitengo cha mama na mtoto, mwaka wa sita huu. Hela nimetoa mfukoni kwangu, sio halmashauri, laki na themanini kwa siku tatu Morogoro, nauli na gesti juu yangu. Nilichokuwa nataka ni kimoja tu, niache kutetemeka nikiongea na watu wenye vyeo. Na pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kazini) za Baraza la Uuguzi na Ukunga pia jamani tusidanganyane.

Siku ya kwanza asubuhi ilikuwa hasara tupu. Walituletea mhamasishaji, suti kali, anazunguka na maiki, "semeni mimi ni simba!", tukasema sisi ni simba, tukapiga makofi, tukaambiwa mgeukie jirani yako mwambie unaweza. Masaa matatu! Dada mmoja aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza, hivi huyu kashawahi kuona foleni ya siku ya kliniki kweli? Slaidi zenyewe Kiingereza mwanzo mwisho wakati ukumbi mzima hakuna aliyekuwa anaongea Kiingereza hata wakati wa chai. Ningekuwa na usafiri wangu ningeondoka mchana uleule.

Aliyeniokoa ni mama mmoja, matroni mstaafu, alipewa mchana ule na siku mbili zilizobaki. Neno kujiamini hakulitaja hata mara moja. Alikuja na kisanduku cha kubebea chanjo, akatoa vichupa viwili vya penta (chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, ikiganda inaharibika) vilivyokwisha muda, bechi moja, kimoja alikuwa amekilaza friza usiku kucha makusudi halafu akakiyeyusha. Akasema vitingisheni vyote kwa pamoja, wekeni mezani, mtulie. Tukainama watu wazima kama watoto wanaangalia samaki kwenye chupa. Baada ya dakika kadhaa kile kilichoganda kikaanza kujitenga, vichengachenga vyeupe vinashuka chini, juu panabaki maji, na kile kizima bado kina weupe uleule kama maziwa yaliyoongezwa maji. Hiki kipimo mie nilifundishwa chuo, nikakijibu na kwenye mtihani nikapata, ila kwa macho yangu nilikuwa sijawahi kukiona. Sasa mtu akikuuliza una uhakika chanjo imeharibika utamjibu kwa sauti gani wakati iliyoharibika hujui inafananaje?

Halafu ndo ikaja kazi yenyewe. Akasema haya, asubuhi umekuta friji inasoma hasi tatu, jana jioni kwenye chati imeandikwa nne, mpigie mratibu wa chanjo wa wilaya, mratibu ni mimi. Dakika moja, mambo manne: umekuta nini, kabla yake kulikuwaje, wewe unaonaje, unataka nini kifanyike. (Ndo ile SBAR, mpangilio wa kutoa taarifa kazini kwetu, ila herufi zenyewe alizitaja mwishoni kabisa, nikampenda kwa hilo.) Nikasimama wa pili. "Shikamoo mratibu, samahani kwa usumbufu, samahani, nilikuwa naomba kuuliza, sijui kama niko sahihi..." Akanikata vilevile wanavyotukata, "wewe nani kakwambia ufungue friji?" Nikaomba samahani tena. Nilipokaa akaninyooshea karatasi, kumbe alikuwa anachora vijiti, samahani nne, labda tatu, na nyuzi joto sikuitaja kabisa! Ukumbi ulicheka, na mie nikacheka ila masikio yalikuwa yanawaka.

Akanirudisha. "Shikamoo mratibu. Friji yetu imesoma hasi tatu leo saa moja asubuhi, jana jioni ilikuwa nne. Penta, PCV na HPV nimezitenga, sizitumii mpaka nizifanyie kipimo cha kutingisha. Polio ya matone na surua-rubela kuganda hakuzidhuru. Kesho nina kliniki, naomba chanjo nyingine leo." (PCV ni ya nimonia, HPV ni ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, na zote mbili zikiganda zinaharibika kama penta.) Shikamoo akasema iacheni palepale, hiyo ni adabu, anachokitaka ni mtu asiombe msamaha wakati kosa hajafanya.

Siku ya tatu tulicheza ya mzazi anayekataa HPV, ile ya "mnataka kuwafunga mabinti wetu wasizae". Mie zamani nilikuwa naanza na saratani ya mlango wa kizazi, takwimu, hofu. Yeye akatufundisha kuuliza kwanza, mama umeyasikia wapi haya, umsikilize mpaka amalize, ndo uanze kueleza kwamba hii chanjo nchini ipo tangu 2018 na toka 2024 binti wa miaka 9 mpaka 14 anachoma dozi moja tu. Hapa muda ulikuwa mfupi mno, wengine hawakupata zamu, na ndo sehemu inayotusumbua zaidi kule vijijini.

Malalamiko yangu makubwa ni kwamba wanakurudisha kwa bosi ambaye hajui ulikuwa wapi. Wiki mbili baadaye tunaenda huduma mkoba, yaani kuchanja nje ya zahanati, inchaji wangu (msimamizi wa zahanati) anatoa aisipaki, zile pakiti za maji yaliyogandishwa, kwenye friza anapanga moja kwa moja kwenye kisanduku. Nikasema tusubiri ziyeyuke kidogo, zikigusana na penta hivi zitaigandisha. Akasema "semina siku tatu umesharudi daktari". Zamani ningenyamaza. Nikachukua moja nikaitingisha karibu na sikio lake, nikamuuliza unasikia maji? Hamna. Tukazitandaza mezani mpaka tukasikia maji yanacheza ndani, tukaondoka saa tatu na nusu badala ya saa mbili, na njia nzima kwenye pikipiki hakunisemesha. Hilo la kununiwa halikuwa kwenye slaidi yoyote. Wangewaita mainchaji hata siku moja, ningeongeza laki nyingine juu.

Kwahiyo kama unaenda: siku ya kwanza fika mchana hutakosa kitu, kaa mbele ili uitwe, beba sweta ukumbi una baridi, na usitegemee posho. Grupu la watsapu waliloliahidi kwa ajili ya "ufuatiliaji" sasa hivi ni asubuhi njema na maua. Cheti walisema ndani ya wiki mbili, huu mwezi wa pili. Nimewapigia mara mbili, ya kwanza nilianza na samahani kwa usumbufu.