Jasho la viganja kwenye nguzo: nilichopaka na kilichonifaa

Mwaka wangu wa kwanza wa dansi ya nguzo, ile ya kupanda na kuzunguka nguzo wima ya chuma, niliumaliza na taulo begani. Nikipanda mara mbili nafuta viganja, nikizunguka mara moja nafuta nguzo. Wenzangu walioanza pamoja nami walikuwa wameshajua kujigeuza miguu juu kichwa chini, na mimi misuli ninayo, mbinu naijua, ila mikono haishiki. Viganja vyangu huloa hata nikiwa nimeketi tu, na nikiingiwa na woga vinachuruzika. Husemwa kuteleza si kuanguka, lakini ukiwa unaning'inia kichwa chini, ni kitu kimoja.

Cha kwanza kununua kilikuwa chaki ya maji. Ni unga wa kaboneti ya magnesiamu uliochanganywa na spiriti: unatia kidogo kiganjani, unasugua, spiriti inaruka, unabaki na utando mweupe mkavu. Dakika chache za mwanzo nilifurahi mno. Kisha jasho likarudi nami nikaongeza chaki, likarudi tena nikaongeza tena, hadi nikawa nimeshika uji. Kosa lilikuwa langu. Chaki hainyonyi jasho bila kikomo, na haipakwi juu ya mkono uliolowa. Sasa nafuta kwanza mpaka pakavu kabisa, napaka safu moja nyembamba, nasubiri ikauke, ndipo naigusa nguzo. Na nikimaliza naifuta nguzo, maana mabaki ya chaki yaliyochanganyika na jasho humtelezesha anayefuata.

Baadaye nikahamia Dry Hands, ile ya chupa ndogo ya mililita 60. Nayo ni ya majimaji na hukaukia kiganjani, ila naiona nyepesi na haichafui sana. Kwa mkono unaotoa jasho la wastani ningeishia hapo. Kwa mikono kama yangu inasaidia, lakini haitoshi ikiwa peke yake.

iTac2 ni kitu cha aina nyingine, na laiti ningelielewa hilo mapema. Hii haikaushi, inanata. Ndani yake mna nta ya nyuki. Niliipaka viganjani kwa sababu nilidhani kinachonata kinafaa popote. Juu ya jasho haikunishikia, na kwenye nguzo inayozunguka ilinizuia kubadilisha mshiko. Lakini mapaja yangu na nyuma ya magoti ni makavu, na huko ndiko ilikonishangaza. Kipande kidogo kama punje ya kunde, kikisambazwa vizuri, kiliniwezesha kukaa juu ya nguzo bila mikono kwa mara ya kwanza. Kuitoa mwilini kunataka sabuni na subira, na nguzo ifutwe kwa spiriti.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa na matatizo mawili, nami nayatibu kama moja. Ngozi hushika vizuri ikiwa na unyevu kidogo tu. Ikiloa inateleza, ikikauka kupita kiasi inateleza pia. Mikono yangu ilikuwa upande mmoja, miguu upande wa pili, na hakuna chupa moja itakayoponya vyote viwili.

Kilichobadilisha mambo hasa ni dawa ya kuzuia jasho yenye kloridi ya alumini, ile ya kupaka usiku. Niliwahi kuidharau, kwani nilikuwa naipaka asubuhi, dakika chache kabla ya mazoezi, na jasho likaisukuma nje. Inavyofanya kazi ni kwamba chumvi ya alumini huingia kwenye vijitundu vya jasho na kuviziba kwa muda. Ili iingie, ngozi lazima iwe kavu, na usiku wakati wa usingizi ndio viganja hutulia. Naosha mikono, naikausha sawasawa, napaka, nalala, asubuhi nanawa. Wiki ya kwanza iliniwasha na ngozi ikaanza kupasuka kwenye vidole, nikapumzika siku tatu kisha nikaendelea usiku mmoja baada ya mwingine. Usiipake penye mchubuko wala mara baada ya kunyoa, inachoma vibaya. Baada ya takriban wiki tatu niliingia mazoezini, nikashika nguzo, na taulo likabaki kwenye begi. Siku hiyo nilijigeuza. Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa dawa hiyo ya usiku napaka mara mbili kwa wiki, na siku ya mazoezi naongeza Dry Hands safu moja. Miguuni, iTac2 pale tu panapohitajika. Losheni naiacha tangu jana yake, kwani mafuta yakishahamia kwenye nguzo hayana dawa ila kusafisha upya. Nguzo yenyewe nayo ina neno: ya shaba nyeupe hunishika kuliko ya kromu, na nguzo baridi, ya aina yoyote ile, haishiki mpaka uipashe joto kwa mwili.

Niseme pia kwamba jasho la viganja huamshwa na hofu kuliko joto, kwa hiyo feni iliniburudisha mgongo tu. Kama mikono yako inaloa kiasi cha kulowesha karatasi unapoandika, mwone daktari wa ngozi. Kuna tiba kama ile ya kuzamisha mikono kwenye maji yanayopitishwa umeme hafifu, na hakuna sababu ya kuteseka kimya kimya.

Kilichobaki kwangu ni nyayo. Nikipanda, unyayo unaoikumbatia nguzo bado huteleza. Nimeanza kuipaka dawa ya usiku huko pia. Hii ni wiki ya pili, na kufikia sasa haijaniwasha.