Kitengo cha dharura ambacho hawakuridhika na jibu la kwanza

Nimechelewa kuandika maana wiki zote hizi nilikuwa namuuguza mama, ila lazima niseme kuhusu huduma ya hapa emajensi, nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyoibania nitaieleza.

Mama ana miaka 67 na kisukari cha siku nyingi. Siku ile hakulalamika kifua hata kidogo, alisema tumbo la juu linamchoma, anasikia kichefuchefu, jasho la baridi linamtoka mpaka nguo zimelowa. Mchana tulishampeleka kwingine, dokta akamsikiliza dakika mbili akasema ni asidi, tukapewa dawa za vidonda vya tumbo tukarudi nyumbani, yaani hata presha hawakupima.

Usiku hali ikawa mbaya tukaja hapa. Nesi wa mlangoni hakuanza na fomu, alimshika mkono akasema "pole mama, mbona wa baridi hivi, imeanza saa ngapi?" huku anafunga kipimo cha presha, akambana kidole kuangalia oksijeni, akamchoma kingine kupima sukari, kwa sababu sukari ikishuka nayo inatoa jasho hivyohivyo na inaweza kumfanya mtu aonekane kama kapata kiharusi kabisa. Hazijaisha dakika 10 mama kashabandikwa nyaya za ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Nikauliza mbona moyo na sisi tumeleta tumbo? Akanijibu vizuri tu, kwamba wenye kisukari, wazee na kina mama wengi wanaweza kupata mshtuko wa moyo bila kifua kuuma, unakuja kama kiungulia, au kukosa pumzi, au uchovu tu wa ghafla.

ECG ya kwanza ikatoka haionyeshi kitu, mi nikashusha pumzi nikajua tunarudi nyumbani. Dokta akasema hapana, karatasi moja safi haitoshi, moyo unaweza kuwa unaumia na bado isionekane. Akatoa damu ya kupima troponini, ni protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, ila inachukua masaa kupanda ndo maana huwa wanaipima zaidi ya mara moja. Akapima presha mikono yote miwili asije akawa mshipa mkubwa wa damu umechanika, akapitisha ultrasaundi tumboni kuangalia nyongo. Akaniambia "sisi huku hatuanzi na ugonjwa unaotokea sana, tunaanza na ule unaoua haraka, tukishautoa ndo tunarudi kwenye asidi." Halafu akamuuliza mama maswali yaleyale aliyoulizwa na nesi, nikaanza kukereka, kumbe safari hii ndo mama akakumbuka kwamba taya linamuuma tangu jana. Hilo hakuwa amemwambia mtu, hata mimi mwanae.

Baada ya nusu saa wakarudia ECG. Dokta akazilaza karatasi mbili kitandani, ya kwanza na ya pili, akazungushia kalamu mistari mitatu iliyokuwa imeinuka, akasema ukuta wa chini wa moyo ndo unaoumia. Akahamishia waya upande wa kulia wa kifua aone kama na upande huo umeguswa kabla hajachagua dawa. Hakusubiri hata majibu ya damu, mama akatafunishwa aspirini na kitanda kikaanza kusukumwa kwenda kwenye chumba cha kuzibua mishipa ya moyo. Naandika hapa mikono inatetemeka, maana ECG ya kwanza wangeiamini tu tungekuwa tumeruhusiwa.

Sasa ile nyota moja. Watu wa kwenye benchi hawaelezwi kitu. Kulikuwa na baba na mtoto aliyevunjika mkono, walitutangulia kwa muda mrefu, sisi tukapitishwa, na hakuna aliyekwenda kumwambia kwamba foleni hapa inapangwa kwa hatari na sio kwa kuwahi. Aliniangalia kwa uchungu sana yule baba, na nilimwelewa. Mtu mmoja tu akipita kila baada ya muda aseme "hatujawasahau" na amwangalie mtoto tena kama vidole bado vina joto na rangi yake, ingesaidia mno.

Mkija njooni na dawa zote za mgonjwa kwenye mfuko, hata zile za duka la dawa alizonunua mwenyewe, na saa dalili zilipoanza muijue kabisa, sisi pale mlangoni tulibishana mimi na dada kama ilikuwa saa nane au saa kumi na nesi alikuwa anatusubiri na kalamu mkononi.